Jiko la kuni: lipi ununue kwanza, lipi uliache dukani

Wauza majiko wana sentensi moja wanayoipenda: "Hili hupunguza kuni kwa nusu." Nusu ya nini? Jiko likiwa peke yake halipunguzi chochote. Linapunguza pale tu linapopewa kuni kavu, zilizopasuliwa zikatosha mdomo wake, na sufuria inayokaa juu yake sawasawa. Lisukumie gogo bichi lisilopasuliwa, na jiko bora kuliko yote litafuka moshi sawa na mafiga. Kwa hiyo kabla ya kuyapanga majiko, tuanze na kinachoingia ndani yake.

Kuni kwanza

Kilo moja ya mti uliokauka kabisa ina joto la takriban megajuli (kipimo cha nishati) 18 hadi 19. Ukikaushwa kwa upepo hadi maji yabaki sehemu moja ya tano ya uzito, unapata kama 15. Mti uliokatwa leo, ambao nusu ya uzito wake ni maji, unatoa karibu 8 tu. Tofauti hiyo haijapotelea hewani hivihivi. Sehemu yake ni mti ambao haukuwapo, kwa kuwa ulipima maji, na sehemu nyingine imetumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke.

Hasara haiishii hapo. Mti ukipata joto, kama asilimia 80 ya uzito wake mkavu hutoka ikiwa gesi, na ulimi wa moto unaouona ni gesi hiyo ikiungua. Isipokutana na joto kali na hewa ya kutosha kwa wakati mmoja, inapita bila kuungua, nayo ndiyo moshi. Unyevu unapoza moto mahali hasa panapotakiwa kuwa na joto kali. Moshi mwingi, basi, ni kuni uliyokwisha kuilipia ikipanda juu.

Kuni kavu hujulikana kwa nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka lenyewe, na mlio mkali unapogonganisha vipande viwili. Mbichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kipima unyevu cha sindano ni kifaa kidogo kinachofaa kuwa nacho, lakini usikichomeke nje ya kuni, maana nje hukauka mapema na kudanganya. Pasua kwanza, kisha choma sindano kwenye uso mpya wa ndani. Ukisoma chini ya asilimia 20, chukua.

Usinunue kuni kwa kilo isipokuwa una uhakika ni kavu, kwa sababu kwenye mizani maji nayo yanauzwa. Nunua kwa ujazo, zikiwa zimepangwa na si kurundikwa. Meta moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa vizuri ina takriban asilimia 65 hadi 70 ya mti wenyewe. Kilichobaki ni hewa. Rundo la kutupa ovyo lina hewa nyingi zaidi, na kuna wauzaji wenye kipaji cha kupanga vipande vilivyopinda ili mapengo yaongezeke.

Na ule ubishi wa mti mgumu na mti laini? Kwa kilo, zikiwa kavu sawa, zinakaribiana mno. Kwa ujazo ndipo mti mgumu unaposhinda, kwa kuwa ni mzito. Mti laini huwaka haraka na unafaa kuwashia. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisiingie jikoni hata kama ni za bure. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu.

Majiko kwa nafasi zake

Nafasi ya kwanza: jiko la roketi lenye chumba chepesi cha moto. Umbo lake lilisanifiwa na Larry Winiarski wa Aprovecho Research Center, Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, na tangu hapo limeigwa kila upande, mara nyingi vibaya. Kuni huingia kwa mlalo, moto hupanda wima ndani ya koo fupi, na sufuria hukaa juu ya koo hilo. Moto wa wazi wa kawaida hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Roketi nzuri hufikia 30 na zaidi.

Kinacholifanya lifanye kazi ni vitu vitatu, na vyote unaweza kuvikagua kwa mkono kabla hujalipa. Cha kwanza ni kibao au wavu mdomoni unaobeba kuni, ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye kaa ikiwa na njia yake. Jiko lisilo nacho hulazimisha hewa kupita juu ya kuni, ikapoza moto. Cha pili ni ukuta wa koo: uwe mwepesi na wenye vitundu vya hewa ndani, iwe ni tofali jepesi la kuhimili moto au ukuta wa chuma uliozungushiwa majivu makavu. Ukuta mzito hunyonya joto lililokuwa liende kwenye sufuria. Linyanyue jiko, likikushinda, uliza ndani kuna nini. Wakikwambia ni saruji, ondoka. Saruji ya kawaida hupasuka na kubomoka kwa joto la namna hiyo.

Cha tatu ni chuma chenyewe. Bati jembamba la chuma cha kawaida likikaa kwenye ulimi wa moto hubabuka magamba hadi litoboke, na hilo haliepukiki kwa kulitunza. Tafuta koo la kauri au la chuma cha pua, na bora zaidi koo linaloweza kutolewa na kuwekwa jingine. Mwili wa jiko huishi muda mrefu kuliko koo, kwa hiyo jiko lililofungwa moja kwa moja utalitupa zima kwa ajili ya kipande kimoja.

Muulize pia kama linakuja na bati la kuzungushia sufuria. Bati hilo, likiacha mwanya wa kama sentimeta moja, huilazimisha hewa ya moto kupapasa ubavu wa sufuria badala ya kitako peke yake. Ni bei ndogo kwa faida kubwa, na watu wengi hulivua siku ya kwanza wakidhani ni pambo.

Ubaya wake: linataka vijiti vyembamba na mtu wa kuvisukuma. Na lile refu lenye kitako chembamba linaweza kupinduka na sufuria inayochemka, kwa hiyo nyumba yenye watoto ichague pana.

Nafasi ya pili: jiko la kufungwa lenye dohani. Ikiwa jikoni kwako kuna kuta pande zote, ligeuze hili kuwa la kwanza bila kusita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na roketi isiyo na dohani, hata ikiwa nzuri, bado inamwaga moshi wake mahali unapovuta pumzi.

Lakini usidhani dohani inapunguza kuni. Mara nyingi hufanya kinyume: inavuta joto pamoja na moshi. Majiko ya aina hii yanayookoa kuni ni yale ambayo sufuria inazama ndani ya tundu, ikashikwa na pete, na moto ukapita karibu nayo kabla ya kutoka. Bamba la chuma juu linafaa kwa kuoka na kukaanga. Kwa kuchemsha ni la polepole.

Dohani yenyewe iwe wima, isiyo na kona nyingi, na kichwa chake kipite juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa. Inapopenya paa la nyasi au mbao, isigusane nalo hata kidogo. Inahitaji nafasi na kola ya bati. Ukichoma kuni mbichi, ndani ya bomba hujengeka kreosoti, ile lami nyeusi inayong'aa, na siku moja yenyewe inashika moto. Kabla ya kununua angalia kama kuna mfuniko wa kusafishia. Usipouona, ujue bomba hilo halitasafishwa kamwe.

Nafasi ya tatu: jiko la gesi ya kuni. Hili hujazwa kuni ndogo na kuwashwa kwa juu. Moto hushuka taratibu, gesi hupanda na kuungulia juu kwa hewa inayoingia kupitia vitundu vya pili. Kwa usafi wa moshi linayashinda yote niliyoyataja, na mwishoni linakuachia makaa. Kwa nini basi ni la tatu? Kwa sababu lina masharti. Linataka vipande vidogo, vikavu, vinavyolingana; huwezi kuongeza kuni katikati bila kufuka; na lile lenye feni linataka umeme au betri. Mwenye vidonge vya kuni au mabaki ya karakana ya seremala alipandishe hadi nafasi ya kwanza. Mwingine atalitumia kwa wiki mbili kisha litageuka kopo la kuhifadhia misumari.

Nafasi ya nne: jiko zito la udongo au matofali. Linapendeza, limetulia, na watu huamini unene wake. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, Guatemala ilijengewa majiko mengi ya mchanga na udongo yaliyoitwa Lorena, kwa matumaini ya kuokoa kuni. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mara nyingi hayakuushinda hata moto wa wazi, kwa kuwa ukuta ulikunywa joto kwanza. Mahali pa baridi, ambapo ukuta wenye joto ni neema, au jikoni kunakopikwa kutwa nzima, linarudisha gharama. Kwa kupika mara mbili kwa siku, hapana.

Nafasi ya mwisho: mafiga. Hayauzwi, lakini yahesabiwe, kwani ndiyo mshindani halisi wa kila jiko dukani. Mpishi stadi, kuni kavu na kinga ya upepo huyafanya yapite sifa yake mbaya. Yabakize kwa sufuria kubwa ambayo jiko lako haliwezi kubeba.

Lipo moja nisilolipa nafasi: lile linalosemwa linakubali kuni na makaa pia. Makaa yanataka sufuria ikae karibu nayo. Ulimi wa kuni unataka nafasi ya kumaliza kuungua. Ukivichanganya, vyote viwili huharibika.

Kuhusu karatasi ya vipimo: kiwango cha ISO 19867-1 cha mwaka 2018, kilichotolewa na shirika la kimataifa la viwango, ndicho kinachoeleza jinsi ya kupima majiko maabara, na matokeo hupangwa katika madaraja kuanzia 0 hadi 5. Ufanisi wa asilimia 40 ni daraja la 4. Daraja la ufanisi na la moshi ni vitu viwili. Muuzaji akikutajia moja, dai la pili.

Gari la kuleta kuni

Hapa nitakuwa mfupi. Chaguo la kwanza ni trela ya kufunga nyuma ya gari au trekta uliyonayo, kwa sababu haina injini ya kuharibika. La pili ni pikapu ya tani moja yenye springi za majani nyuma. Lori dogo linafuata, tena kwa anayeuza kuni tu.

Fanya hesabu kabla ya kupakia. Meta moja ya ujazo ya kuni ngumu mbichi zilizopangwa ina takriban kilo 650. Bodi ya pikapu yenye urefu wa meta 2.3, upana wa 1.5 na kimo cha 0.4 inabeba karibu meta 1.4 za ujazo, yaani kilo 900 na ushee zikifika usawa wa ukingo. Ongeza dereva na msaidizi, tani imeisha. Zile kuni unazoziona zimepanda juu ya kabini, kama ni mbichi, zinavunja gari. Ziache zikauke porini kwanza zikiwa zimepasuliwa na kuinuliwa juu ya ardhi; mzigo uleule utapungua kama theluthi.

Kwa gari lililotumika, lala chini yake kabla ya kufungua boneti. Gonga chesisi kwa nyundo juu ya ekseli ya nyuma, ambako tope na kutu hukaa, na sikiliza mahali mlio unapofifia. Tazama kama springi zimenyooka au zimeongezewa majani, kama difu inavuja, na kama tairi za nyuma zimeliwa upande mmoja. Kisha omba lijaribiwe likiwa na mzigo, kwenye mteremko, ukiwa wewe ndiye unayekanyaga breki. Muuzaji akisema halina haja ya mzigo ili kulijaribu, mwachie gari lake.