TAHADHARI: Fundi bomba kishoka anazunguka Kigamboni na Mbagala na cheti kisicho chake

Wakazi wenzangu, hasa mnaojenga na mnaosubiri kuunganishiwa maji. Kuna kijana anapita mitaani na rifleksa ya njano, begi la spana na cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) alichokipiga laminesheni. Mama mmoja jirani yangu kamlipa laki tisa, na sasa anavunja vigae ambavyo havijamaliza hata mwezi.

Kwenye orodha ya vifaa aliandikiwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine, ya daraja la presha PN20, yanayohimili maji ya moto. Yaliyofukiwa ukutani ni PN10, daraja la chini, la maji baridi. Tumeyasoma wenyewe baada ya ukuta kubomolewa, maana alama imechapwa kwenye bomba. Viungo navyo vilichomwa mashine ikiwa bado haijapata moto. Mashine ya PPR inatakiwa ifike nyuzi joto 260, na bomba la milimita 20 linashikwa humo sekunde 5 basi. Kiungo cha huyu bwana nimekivuta kwa mkono kikachomoka. Presha hakupima, akahimiza vigae vibandikwe siku hiyohiyo. Fundi anayejua kazi hakubali hilo: anajaza maji, anapiga pampu yenye geji, anaiacha muda aone kama mshale unashuka, ndipo anaruhusu ukuta ufunikwe.

Tulipokikagua kile cheti, fani iliyoandikwa ni umeme wa majumbani! Na jina lake si lile lililotokea kwenye simu wakati mama anatuma hela.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, jina la kwenye cheti, la kitambulisho cha NIDA na la namba ya simu yafanane, na fani iwe ufundi bomba. Vyeti vya VETA vya sasa vina ngazi ya I hadi III. Mafundi wa zamani wana vya tredi testi, yaani mtihani wa ufundi wa mfumo wa zamani. Ukiwa na shaka, peleka nakala chuo cha VETA kilicho karibu. Fundi aliyejifunzia mtaani simdharau hata kidogo, wapo hodari sana, na VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wake na kumpa cheti. Kampuni ikijiita mkandarasi, idai usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba anawaahidi watu kuwaunganishia bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, "chapchap" kwa hela ya mkononi. Kuunganisha na kufunga mita ni kazi ya mamlaka, na malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, si kwenye simu ya mtu. Kujiunganishia kienyeji ni kosa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Wakaguzi wakija watakukuta wewe mwenye nyumba, yeye keshahama.

Mama ameshatoa taarifa polisi na serikali ya mtaa. Kama kijana huyu yupo kwako na ukuta haujafunikwa, simamisha kazi leo. Wenye ujumbe wa malipo waupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, msiufute.