Ringi modyuleta ya gitaa: ipi ununue kwanza

Wengi huinunua ringi modyuleta, pedali ya kubadili sauti ya gitaa, kwa ajili ya ile sauti ya kengele na roboti, kisha huiuza upesi wakilalamika kwamba inaharibu noti. Haiharibu, ndiyo kazi yake. Ndani mna wimbi lake lenyewe, nalo huzidishwa na sauti ya gitaa, zikatoka noti mbili mpya: jumla na tofauti. Weka wimbi hilo 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde), piga A ya 220 Hz. Unapata 330 na 110, yaani E na A, tamu kabisa. Panda hadi B, 247 Hz: zinatoka 357 na 137, noti zisizokaa popote kwenye skeli yako. Basi kabla ya bei, uliza kama wimbi linapangika haraka kwenye ki (ufunguo) ya wimbo.

Kwa hilo Electro-Harmonix Ring Thing haina mpinzani. Unapiga noti moja, inajipanga yenyewe. Pia hutoa jumla peke yake au tofauti peke yake, hivyo sebene ya nyuzi mbili, ambayo kwingine ingezaa noti nne, hubaki na mbili.

Ya pili ni Randy's Revenge ya Fairfield Circuitry, Kanada. Lazima uipange kwa sikio, ila chujio lake hukata makali ya juu vizuri mno. Kwa anayerekodi studio, ningeitanguliza.

Moog MF-102 ilitengenezwa 1998 hadi 2018, kwa hiyo utaipata mtumba tu. Angalia adapta: ni volti 9, lakini chanya iko katikati ya pini, kinyume cha pedali nyingi. Usiichomeke kwenye waya mmoja na zile nyingine. Kisha funga volyumu ya gitaa, zungusha nobu ya masafa (Hz za wimbi la ndani) polepole, usikilize. Mluzi hafifu, yaani wimbi la ndani linalovuja, ni kawaida ya saketi za analogi. Ukiwa unasikika wazi kwa sauti ya mazoezi, shusha bei au iache.

Huna uhakika kama utaitumia? Chukua Zoom MS-50G. Ringi modyuleta yake si ya kujivunia, lakini ukiichoka bado una chorasi na dilei ndani ya kiboksi hichohicho.

Yoyote utakayochagua, tyuna itangulie, kisha pedali hii, distoshoni ifuate. Ukitanguliza distoshoni, kila sauti ndogo iliyoongezwa na distoshoni nayo huzaa mbili, na akodi inageuka kelele tupu. Tumia pikapu ya shingoni, punguza toni, changanya nusu kwa nusu na sauti safi. Na ukishusha wimbi chini ya 20 Hz, noti za ajabu zinapotea, unabaki na tremolo nzuri tu, yaani sauti inayopanda na kushuka kwa mapigo.