Mitungi ya Kigiriki ya karakana moja Kampala: michoro safi, weusi wa kubabaisha

Mitungi hii ya mapambo hufinyangwa kwa udongo wa Kajjansi na kuiga mitindo ya Ugiriki ya kale. Ule wa kijiometria, yaani wa michoro ya miduara na mistari (karibu 900–700 K.K.), umefana zaidi. Miduara imechorwa kwa bikari yenye brashi kadhaa. Ukitazama kwa karibu utaona kitundu katikati, pale ncha ilipokanyaga. Usikilalamikie, hata mitungi ya Athens inacho.

Shida iko kwenye mitungi ya picha nyeusi juu ya mwili mwekundu, mbinu iliyoanzia Korintho karibu 700 K.K. Weusi wake hutokana na moto, si rangi. Picha hupakwa uji laini wa udongo wenye madini ya chuma, kisha mtungi huchomwa kwa awamu tatu. Kwanza hewa inaingia, kila kitu kinakuwa chekundu. Halafu matundu yanazibwa, kuni mbichi zinatiwa, joto likiwa nyuzi 900 hivi, na mtungi wote unageuka mweusi. Hewa ikirudishwa, mwili unarudia wekundu, lakini uji ulioshikana kama kioo haupitishi hewa, kwa hiyo unabaki mweusi. Hapa mabega yana madoa ya kahawia: ama uji haukuchujwa vizuri, ama moto haukufika. Kwa bei ile ile, chukua wa kijiometria.

Kisanamu chao cha kouros, yaani kijana wa kiume aliyesimama wima, kimetanguliza mguu wa kushoto, sawa kabisa, ila mikono imeachana mno na mapaja.

Usitie maji ya maua kwenye mitungi hii. Ndani hamjapakwa kitu, yatavuja.