Transfoma yangu mwenyewe na bei ya T3-MV: uzoefu wangu

Kiwanda changu cha kusaga nafaka kilikuwa kundi la bei la T2, yaani umeme wa volti 400 kutoka transfoma ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Sasa kiko T3-MV, kundi la wanaopokea umeme wa msongo wa kati: napokea kilovoti 11 na kuzishusha kwa transfoma yangu ya KVA 315 (KVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo wa umeme). Naipa nyota nne kati ya tano.

Mwenye transfoma yake hulipa bei ya chini, ila kwenye ankara hutaona mstari ulioandikwa "punguzo". Nafuu iko ndani ya bei yenyewe. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, T2 ni shilingi 195 kwa uniti na 15,004 kwa kila KVA ya mahitaji ya juu ya mwezi. T3-MV ni 157 na 13,200. Gharama ya huduma inapanda kidogo, kutoka 14,233 hadi 16,769. Mwezi wa uniti 60,000 na KVA 200 ungekuwa 14,715,033 kwa T2; kwa T3-MV ni 12,076,769, kabla ya kodi na tozo. Tofauti ni milioni 2.6 na ushei.

Si zote zinabaki mfukoni. Mita iko upande wa msongo wa kati, kwa hiyo umeme unaopotea ndani ya transfoma ni wako. Yangu, hata mashine zote zikiwa zimezimwa, inakula kama wati 700 mchana na usiku: uniti 504 kwa siku 30, sawa na shilingi 79,128. Mzigo ukiwepo, inakula zaidi. Ndiyo maana kununua transfoma kubwa mno "kwa ajili ya baadaye" ni kujiumiza.

Kinachostahili macho zaidi ni mita. Haipimi umeme wote moja kwa moja. Inapimia kupitia CT, inayopunguza mkondo, na PT, inayopunguza volti, kisha usomaji unazidishwa. Kwangu CT ni 20/5 na PT ni 11,000/110, hivyo 4 mara 100 ni 400. Namba hiyo ikikosewa kwenye kumbukumbu za ankara, kila kitu kimekosewa. Siku ya kufungiwa mita, piga picha vibao vya CT na PT kabla boksi halijapigwa lakiri, maana baadaye hutaviona.

Fyuzi ya PT nayo ikikatika, kiwanda kinaendelea kusaga kana kwamba hakuna kitu, huku mita ikikosa kama theluthi ya matumizi. Mtu anafurahia ankara ndogo miezi mitatu, halafu deni linakuja lote kwa mkupuo. Kila Jumatatu nabonyeza kitufe cha mita nione volti za fezi tatu. Zote ziwe karibu 63.5. Moja ikisoma sifuri, toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Matunzo ya transfoma si magumu, ila hayasubiri. Silika jeli, yaani chembe zinazonyonya unyevu wa hewa inayoingia kwenye transfoma, kwangu ni ya buluu. Ikigeuka waridi, imeshiba unyevu, badilisha. Mafuta yapimwe kila mwaka. Yakishindwa kuhimili kilovoti 30 kwenye pengo la milimita 2.5, yachujwe. Swichi ya tapu, ya kurekebisha volti zinazotoka, haiguswi transfoma ikiwa na umeme, hata fundi akikuhakikishia amezoea. Kapasita, vifaa vya kupandisha pawa fakta (sehemu ya KVA inayofanya kazi kweli), ziwe za kujirekebisha zenyewe: KVA ndiyo inayolipiwa, na kutoka pawa fakta 0.80 hadi 0.95, mzigo wa kilowati 160 unashuka kutoka KVA 200 hadi 168. Transfoma iwekewe zege na uzio pia, kwa sababu wezi wa mafuta ya transfoma hawaulizi ni ya nani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja: ikiungua, hakuna wa kukuletea nyingine. Kabla ya kuhama, tafuta mahali pa kukodi ya akiba yenye kilovoti 11/0.4 na kundi la Dyn11 (namna koili zake zilivyounganishwa), na uhakikishe winchi ya kuinyanyua inapita getini kwako. La kwangu lilibidi lipanuliwe.