Tahadhari: hedi za injini zilizochomelewa zinauzwa Grogan kama eksi-Japani

Wenye pikapu za dizeli, hasa mnaopandisha mzigo milimani, someni hii kabla ya kumtumia mtu pesa.

Pikapu yangu ilifanyiwa ovahoo mwezi wa tatu: pistoni, ringi, bearingi, na hedi nyingine (kipande cha juu kinachofunika silinda) kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na ufa. Dalali akanipeleka kwa muuzaji mmoja wa Grogan, soko la vipuri la Nairobi. Hedi iling'aa kama sufuria mpya. Akaapa ni eksi-Japani, yaani imetumika Japani ikaletwa huku, haijawahi kuguswa na fundi, na garanti ni miezi mitatu. Nikatuma shilingi 42,000 kwa M-Pesa, bila risiti.

Mjini gari lilitembea vizuri. Siku niliyotoka Narok na viazi, nikaanza kupanda kutoka Mai Mahiu, geji ya joto ikafika kwenye nyekundu kabla sijamaliza mlima. Nilipompigia muuzaji, akasema: "Toa thamostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Msikubali neno hilo! Thamostati ni valvu inayoyafungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta yakapozwe. Katika injini nyingi, ikifunguka huziba pia njia ndogo ya maji ya pembeni. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linaendelea kuchemka, na siku za garanti zinayoyoma.

Sikuitoa. Fundi wangu akaweka thamostati mpya, akasafisha rejeta, akatoa hewa kwenye mfumo, akabadilisha na kifuniko cha rejeta. Kifuniko si kitu cha kupuuza huku kwetu: Nairobi iko juu sana, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ni presha ya kifuniko kizima inayoyazuia. Yote hayo yaligharimu pesa, na hali ikabaki vile vile.

Kilichofichua ukweli ni jambo dogo. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua rejeta tukawasha gari. Mapovu yakatoka mfululizo, hayakatiki. Siku nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, mpira wa juu wa rejeta uligeuka mgumu kama jiwe hata maji hayajapata joto. Huo ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. (Usijaribu kufungua rejeta ikiwa moto, utaungua uso.)

Hedi ikashushwa na kupelekwa kupimwa presha Industrial Area. Wanaziba njia za maji, wanaingiza upepo, wanaizamisha kwenye maji ya moto. Ikavuja katikati ya valvu za silinda ya tatu. Rangi ya fedha ilipokwaruzwa, chini yake kulikuwa na mishono miwili ya kuchomelea.

Basi, usilipe hedi kabla haijapimwa. Acha amana kidogo, uipeleke hedi kupimwa ukiwa na fundi wako, na risiti iandikwe nambari iliyochongwa kwenye hedi yenyewe. Grogan wapo wauzaji waaminifu, na hao hawakatai kipimo. Anayekuharakisha, ondoka. Hedi iliyopakwa rangi, kwaruza katikati ya valvu uangalie.

Muuzaji wangu alikubali kunirudishia 15,000 nikimpelekea ile hedi. Nilielewa ingepakwa rangi tena, iuzwe kwa mwingine. Nimeikata kwa grainda vipande viwili, nikaiuza kwa kilo kama chuma chakavu.