Kununua NAS ya nyumbani: cha kwanza hadi cha mwisho

Wengi wanaotafuta NAS huanza na swali la ukubwa: ninunue TB ngapi? Hilo ni jepesi, tutalifikia. Kilichopanga orodha hii ni swali jingine: siku diski itakapokufa, au mtoto atakapofuta folda ya picha za miaka mitano, au virusi vitakapofunga faili zote na kudai pesa, kifaa hiki kitakurudishia nini, na baada ya muda gani?

Kwa asiyeijua, NAS ni kompyuta ndogo isiyo na skrini, yenye diski ndani, inayochomekwa kwenye ruta kwa kebo na kukaa imewashwa usiku na mchana. Simu na kompyuta za nyumbani huiona kama folda ya pamoja.

Kabla ya kupanga chochote, tuondoe kosa moja linalogharimu watu data yao: RAID 1 (njia ya kuunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja) si bekapu. Diski mbili zinaandikwa kitu kilekile kwa pamoja, hivyo moja ikifa nyingine inaendelea na kazi, na hapo ndipo msaada wake unapoishia. Ukifuta faili, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kifaa, kazibeba zote. Kwa hiyo kwenye bajeti ya chaguo lolote hapa chini ongeza diski ya nje ya USB, kubwa ya kutosha kubeba data yako yote. Mwenye NAS ya diski moja na bekapu iliyokaa nyumba nyingine yuko salama kuliko mwenye diski nne na RAID ya kujivunia bila nakala yoyote pembeni.

1. Kifaa cha vyumba viwili, chenye snapshoti

Chumba ni nafasi ya kuingizia diski moja, na cha viwili ndicho cha familia nyingi. Mifano: Synology DS224+ (prosesa Celeron J4125, RAM 2 GB inayoongezeka) na UGREEN DXP2800 (prosesa N100, RAM 8 GB, tundu la mtandao la gigabiti 2.5). QNAP, Asustor na TerraMaster nao wana vya daraja hili. Jina la kampuni lisikushughulishe kuliko mambo matatu kwenye karatasi ya sifa: RAM isipungue 2 GB, mfumo wa faili (namna kifaa kinavyopanga data kwenye diski) uwe Btrfs au ZFS, na snapshoti (kumbukumbu ya jinsi faili zilivyokuwa saa fulani, unayoweza kuirudia) ziwepo kwenye modeli hiyohiyo unayoinunua, maana kampuni ileile huweza kuuza modeli nyingine isiyokuwa nazo.

Snapshoti ndiyo sababu kubwa ya kukiweka kifaa hiki juu. Ukibadilisha faili kwenye Btrfs, data mpya haiandikwi juu ya ile ya zamani. Inaandikwa mahali pengine. Snapshoti inachofanya ni kukataza ile ya zamani isifutwe. Ndiyo maana inachukuliwa ndani ya sekunde chache na mwanzoni haili nafasi yoyote ya maana. Nafasi huanza kuliwa kadiri faili zinavyobadilika. Panga moja kila saa, za saa 24 zilizopita zibaki. Moja kila siku, zikae siku 30. Moja kila wiki, zikae miezi mitatu. Laptopu ikiingiwa na virusi vya kufunga faili, vitaharibu folda ya pamoja, lakini snapshoti vitashindwa kuzigusa kwa sababu kuzifuta kunahitaji akaunti ya msimamizi wa NAS. Hapo ndipo watu hujikwaa: wameunganisha laptopu kwa akaunti hiyohiyo ya msimamizi, na nenosiri limehifadhiwa ndani. Kila mtu nyumbani awe na akaunti yake ya kawaida, na ya msimamizi itumike kwa mipangilio tu.

Angalia pia orodha ya diski zinazokubaliwa. Mwaka 2025 Synology ilizibana modeli zake mpya za Plus zikubali diski ilizoziidhinisha yenyewe, kisha Oktoba mwaka huohuo ikalegeza kamba kupitia DSM 7.3, toleo la mfumo wa uendeshaji wa vifaa vyake. Orodha hiyo isomwe kabla ya kulipa.

2. Chumba kimoja pamoja na diski ya USB

Kama data yenu haifiki 2 TB na hamfanyi kazi ya ofisi juu yake, hiki kinatosha, na watu wanakidharau bila sababu. Diski ikifa utakosa faili kwa siku moja au mbili hadi ununue nyingine na kurudisha bekapu, na utapoteza kilichoingia tangu bekapu ya mwisho. Bekapu ikiwa ya kila usiku, hasara ni ya siku moja. Nunua diski za USB mbili: moja imechomekwa, nyingine iko kwa ndugu au ofisini, na kila mwezi zibadilishane. Iliyochomekwa wakati wote inaweza kuungua pamoja na NAS yenyewe umeme ukipiga.

Yale maboksi yaliyofungwa, yenye diski ndani usiyoweza kuibadilisha, tumeyaacha nje ya orodha. Maisha yake yanategemea kampuni itaendelea kuyatunza kwa muda gani. WD My Book Live ilipata masasisho yake ya mwisho mwaka 2015. Juni 2021 vifaa hivyo vilianza kufutwa data kupitia intaneti, na wenyewe wakaamka wakakuta folda tupu.

3. Vyumba vinne

Ni kizuri, ila wengi hawakihitaji. Kinaanza kuwa na maana data ikikaribia 10 TB, na hapo mara nyingi kuna mtu anapiga video. Diski nne za 4 TB kwenye RAID 5, inayovumilia diski moja kufa, zinatoa 12 TB, kwa kuwa ukubwa wa diski moja unaliwa na kinga. Kinachosahaulika ni muda wa kujenga upya baada ya diski moja kufa. Diski ya 8 TB ikijazwa kwa MB 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15, hapo hakuna anayekitumia. Kikitumika ni zaidi. Saa zote hizo RAID 5 haina kinga, na diski zilizobaki, ambazo huenda zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika.

Njia ya kati: nunua cha vyumba vinne, weka diski mbili kwa RAID 1, ongeza ya tatu nafasi ikibana. Vifaa vingi vinakuruhusu kuhamia RAID 5 bila kufuta data. Bekapu kwanza, lakini.

4. Kompyuta ya zamani

Hapa unaweka mfumo wa kuigeuza kompyuta kuwa NAS. OpenMediaVault ni nyepesi na inaendeshwa kwenye mashine ya kawaida. TrueNAS inatumia ZFS na inataka RAM isiyopungua 8 GB. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kipuri kinabadilishika. Ubaya wa kwanza ni umeme: kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kula wati 50 ikiwa imekaa tu, wakati NAS ya diski mbili huzungukia wati 15 hadi 20. Ubaya wa pili ndio mzito zaidi: ujuzi wote uko kichwani mwa mtu mmoja. Akisafiri, na mfumo ukagoma kuwaka, nani nyumbani ataingia kwenye skrini nyeusi aandike amri? Kama jibu ni "hakuna", rudi namba moja. Ukiamua kuendelea, badilisha pawasaplai kabla ya kitu kingine chochote, na uipime RAM usiku kucha.

5. Raspberry Pi na diski ya USB

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Matundu ya USB ya Raspberry Pi 4 yote kwa pamoja yanatoa ampea 1.2 tu. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kudai karibu ampea 1 peke yake, kwa hiyo ya pili ikichomekwa utasikia tik, tik, tik: zinajaribu kuzunguka na kushindwa, na kila jaribio ni nafasi ya kuharibu faili. Tumia kasha la diski lenye adapta yake ya umeme. Kadi ya memori inayobeba mfumo nayo huchoka kwa kuandikwa mfululizo. Hamishia mfumo kwenye SSD. Kwa nakala kuu hatuipendekezi. Ila kama kituo cha bekapu kwenye nyumba nyingine, inayopokea nakala kila usiku, Pi ni ununuzi mzuri sana.

6. Diski iliyochomekwa nyuma ya ruta

Ya mwisho, na kwa mbali. Hakuna snapshoti wala onyo diski ikianza kuumwa. Ruta nyingi za zamani hugawa faili kwa SMB1, njia ya kizamani ya kugawana faili kwenye mtandao, ambayo Windows 10 iliacha kuiweka tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, hivyo diski haionekani na mtu anashauriwa airudishe SMB1. Usiirudishe, ndiyo mlango uliotumiwa na virusi vya kufunga faili vya WannaCry mwaka huohuo. Weka filamu humo, si vyeti vya kuzaliwa.

Diski zenyewe

Diski za NAS ziko za aina mbili za kuandika. CMR huandika mistari ya data iliyo kando kwa kando. SMR huilaza mistari ikipandiana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mmoja kunalazimu kuandika upya na majirani zake. Kwa matumizi ya polepole hutaona tofauti. Siku ya kujenga upya RAID, diski ya SMR huchelewa kujibu hadi mfumo unadhani imekufa na kuitoa. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya WD Red zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. Usikubali "Red" bila neno "Plus" au "Pro" kwa sababu tu bei imeshuka.

Ukubwa: jumlisha data ya simu na kompyuta zote, zidisha kwa tatu. Usishtuke 4 TB ikisomeka 3.6, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na mfumo kwa 1024. Kwa RAID 1, chagua diski mbili zenye tarehe tofauti za kutengenezwa, zinaandikwa kwenye lebo. Zikifika, endesha jaribio refu la SMART (diski kujipima yenyewe) kabla ya kuweka faili hata moja. Litachukua usiku mzima. Halafu soma mistari miwili inayohesabu sehemu mbovu au zenye shaka za diski, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kwenye diski mpya yote miwili iwe sifuri. Ukiona namba nyingine, rudisha diski dukani ilivyo.

Vitu vidogo vinavyoharibu ununuzi mkubwa

Kebo. Gigabiti 1 inakupa karibu MB 110 kwa sekunde, na GB 500 zinaingia kwa saa moja na robo. Tundu la ruta la megabiti 100 linakupa MB 11, na kazi ileile inakula zaidi ya saa 12. Hata ruta ikiwa nzuri, kebo ya Cat5e yenye uzi mmoja uliokatika ndani hushuka hadi megabiti 100 bila kulalamika. Hakuna ujumbe wa kosa, ni polepole tu. Fungua ukurasa wa mtandao kwenye NAS usome kasi iliyoandikwa.

UPS, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika. Ndogo ya VA 600 inatosha, mradi iwe na kebo ya USB ya kuiambia NAS kwamba umeme umekatika. Weka NAS ijizime baada ya dakika tano. UPS isiyo na kebo hiyo inachelewesha tu kuzimika kwa ghafla.

Intaneti. Usifungue mlango (port) wowote wa ruta kuelekea NAS, na zima UPnP, inayoruhusu vifaa kufungua milango hiyo vyenyewe. Qlocker ya Aprili 2021 na DeadBolt ya Januari 2022, zote za kufunga faili na kudai pesa, zilivamia maelfu ya vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. DeadBolt ikahamia Asustor mwezi uliofuata. Ukitaka faili zako ukiwa safarini, pitia Tailscale au WireGuard, ambazo ni njia za siri (VPN) za kufika nyumbani.

Simu. Programu za kupakia picha kwenye iPhone husimamishwa na mfumo zikikaa nyuma, hivyo kuna wiki inaweza kupita bila picha kuingia na hakuna aliyejua. Ifungue programu mara moja kwa wiki, simu ikiwa kwenye chaja, iachwe wazi hadi imalize.

Ufunguo wa bekapu. Bekapu nyingi zilizosimbwa hazifunguki kwa kuchomeka tu diski kwenye kompyuta. Za Hyper Backup, programu ya bekapu ya Synology, kwa mfano, zinahitaji programu ya Hyper Backup Explorer na nenosiri. Wiki ya kwanza, zima NAS kabisa, chukua diski ya USB, nenda kwenye laptopu na jaribu kurudisha folda moja ya picha. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae pamoja na vyeti vya familia, na mtu wa pili nyumbani aoneshwe ilipo.