Mswaki wa mkono au wa umeme? Nilivyoona mimi hapa Goma

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa kila mara. Mswaki wangu wa umeme niliulipia dola 42 katika duka moja la katikati ya mji, na muuzaji akazigeuza noti zangu mbele na nyuma kutafuta iliyochanika, kama ilivyo kawaida yetu. Kwa hela hiyo ningerudi nyumbani na miswaki ya kawaida ya ukoo mzima, na mingine ya kuwapa majirani. Kwa hiyo anayesema ni anasa hajakosea sana. Hata hivyo bado nautumia asubuhi na jioni, kwa sababu mbili ambazo wala si zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Sababu ya kwanza ni ufizi. Daktari wa meno alinipa kioo, akanionyesha meno ya juu upande wa kushoto: nyama imepanda, na shingo ya jino imeliwa kidogo, ndipo maji ya baridi yalipokuwa yananichoma. "Mama, wewe unasugua meno kama sufuria iliyoungulia ugali," akaniambia. Akaeleza kwamba mtu anayeshika mswaki kwa mkono wa kulia mara nyingi huukandamiza zaidi upande wa kushoto, na kwamba ufizi ukishapanda haushuki wenyewe. Kinachobaki ni kuuzuia usiendelee kupanda.

Na sijui kama mmeangalia miswaki inayopangwa sokoni Virunga. Mingi ni ya nywele ngumu au za wastani. Ya laini lazima uiulizie, na ukiiulizia unaambiwa hiyo ni ya watoto. Daktari mwenyewe hakunituma kununua mashine. Aliniambia ninunue mswaki laini, niulaze ukitazama kwenye ufizi kama digrii 45, nisogeze kidogo kidogo bila kukandamiza, dakika mbili, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi, yaani madini yanayokinga meno yasioze. Nikimaliza niteme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Ushauri huo wote unafuatwa kwa mswaki wa faranga elfu mbili. Asubuhi niliuweza vizuri. Jioni, nimechoka, akili iko kwenye mambo mengine, mkono ulikuwa unarudia nguvu zake za zamani.

Hapo ndipo mswaki wa umeme uliponisaidia kweli. Wangu una taa ndogo ya duara chini ya kichwa: ukikandamiza, inawaka nyekundu na kichwa kinapunguza mwendo. Siku za kwanza, kila nilipofika upande ule wa kushoto, taa ilikuwa nyekundu tupu. Huwezi kubishana nayo. Sasa inawaka mara chache, na yale maji ya baridi hayanichomi kama zamani. Lakini angalieni: si miswaki yote ya umeme yenye taa hii. Ile ya bei ya chini mara nyingi haina, na ile ya kutia betri za kawaida, inayouzwa hata mtaa wa Birere kwa dola chache, hutetemeka tu mkononi. Kama tatizo lako ni kukandamiza, hiyo usiinunue.

Sababu ya pili ni saa. Mswaki unasita kidogo kila sekunde 30 kukuambia uhamie robo nyingine ya kinywa, na zikitimia dakika mbili unakupa ishara. Nilikuwa naamini kabisa kwamba natumia dakika mbili. Jaribuni kujipima kwa saa ya simu, mtaona dakika mbili zilivyo ndefu mdomoni!

Kuhusu usafi wenyewe, kuna kazi ya watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya, iliyotoka 2014 na kukusanya tafiti 56. Waliona kwamba wanaotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga (ule utando unaoganda kwenye meno) pungufu kwa asilimia 11 katika miezi ya mwanzo, na asilimia 21 baada ya miezi mitatu kupita. Kuvimba kwa fizi kulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Tofauti ipo, wala si ya kuambiwa na muuzaji. Ila mtu mwenye mkono mtulivu na mswaki laini hana sababu ya kujiona yuko nyuma.

Meno meupe ndiyo kitu ambacho boksi linaahidi na mimi sikukipata. Tuseme wazi jambo hili, maana hapa kwetu linaumiza wengi. Nimekulia kijiji cha chini ya volkeno, tukinywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Moshi wa Nyiragongo, volkeno yetu hiyo, hubeba floraidi ileile ya kwenye dawa, ila ikizidi ndiyo shida; mvua huishusha, na hata baadhi ya chemchemi za huku zinapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji hayo miaka ile meno yanapojengeka ndani ya taya, yanatoka na mistari ya kahawia au mabaka meupe. Rangi hiyo iko ndani ya jino. Mswaki wa umeme utaondoa madoa ya chai na kahawa yaliyo juu, ile kahawia ya utotoni haitatikisika, na ukiifuata kwa nguvu utamaliza ufizi bure. Wenzangu wengi wa huku wanaitwa wachafu wakifika miji mingine, na meno wanapiga mswaki kuliko wanaowacheka.

Sasa umeme. Kuna nyumba zenye mita ya kulipia kabla, kuna zenye paneli ya sola na betri, na kuna zisizo na kitu. Wangu unachajiwa kwa waya wa USB, na hilo ndilo ningeliangalia kwanza kabla hata ya jina la kampuni. Unachomeka kwenye powerbank au kwenye kisanduku cha sola kama simu, na chaji moja inafika wiki mbili na zaidi kwa sababu betri yake ni ya lithiamu. Ile ya kusimama juu ya kitako chake inataka soketi ya ukutani. Na kama ndugu amekutumia kutoka Marekani, pindua kitako usome maandishi ya chini: yakisema 100-240V, sawa, yakiishia 120V, ukikichomeka kwenye 220 yetu umekiaga.

Nilisafiri nao hadi Bukavu kwa boti ya usiku, chaja nikaiacha nyumbani, haikunipa shida. Shida ilikuwa kwamba kitufe kilijibonyeza ndani ya sakoshi, ikaanza kunguruma chini ya benchi. Mzee aliyekuwa jirani yangu akasogeza miguu yake polepole, akaniuliza, "Mama, umebeba nini humo?" Nikautoa, nikauonyesha, watu wakacheka, na kijana mmoja akataka kuujaribu. Nilikataa, jamani. Tangu siku hiyo nautoa kichwa kabla ya safari na kuufunga mpini ndani ya kitambaa kizito.

Usafi wa mswaki wenyewe unataka uangalifu. Pale kichwa kinapoingia kwenye mpini, dawa na mate hujikusanya na kuwa uji wa kijivu wenye harufu. Nakitoa kila jioni na kukisuuza kwa kikombe, kwa maji ya bidoni. Na msiuache dirishani: vumbi letu jeusi linaingia kwenye nywele zake kwa siku moja tu.

Kwa ufundi, usisugue. Wangu una kichwa cha mviringo kinachozunguka kwenda na kurudi. Kuna aina nyingine zinazotetemeka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Zote mbili unaziweka juu ya jino, unasubiri kidogo, unahamia jingine. Funga midomo kabla ya kuwasha, la sivyo kioo kitajaa povu.

Mama yangu aliujaribu mara moja, akasema unamtekenya ubongo, akarudia wake wa mkono. Baba watoto tunatumia naye mpini mmoja, kila mtu na kichwa chake chenye pete ya rangi yake, na hapo ile bei ya dola 42 inaanza kueleweka. Watoto nimewaachia miswaki laini ya mkono, mimi nikisimama pembeni na saa.

Kinachonichosha ni vichwa. Vinatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikianza kulala. Hapa mjini nimepata vya kuiga: havikai sawasawa kwenye mpini, vinapiga kelele, na kimoja kiliniachia nywele mdomoni. Vya kweli naagiza kwa mtu anayepita Kigali, pakiti ya vinne kwa dola 15, kwa hiyo kwetu sisi wawili ni dola 30 kwa mwaka juu ya ile bei ya mwanzo. Kama kuna anayejua duka la hapa Goma linalouza vichwa halisi, iwe Himbi, Katindo au popote, anielekeze. Viwili vya mwisho nimeshavitoa kwenye pakiti.